Paka Hewa, Usipake Milima: Mwongozo Kamili wa Kuonyesha Umbali kwa Rangi za Maji

Ukisimama juu ya mwamba wa Irente, kilomita chache kutoka Lushoto mjini, ardhi inakatika mbele ya miguu yako. Chini kabisa, karibu mita elfu moja, kuna mashamba ya mkonge ya Mazinde na barabara ya kwenda Moshi iliyo nyembamba kama uzi. Baada ya hapo ni nyika ya Wamasai mpaka macho yachoke. Pembeni migongo ya Usambara imepangana. Wa karibu ni wa kijani kilichokolea, unaofuata una ubuluu, na wa mwisho huwezi kusema kwa hakika kama ni mlima au wingu.

Mara ya kwanza nilipoipaka mandhari hii, kila mlima niliupa miti yake, mabonde yake na rangi ileile ya kijani kutoka kwenye tyubu, kwa sababu nilijua kwamba kote kule ni misitu na mashamba. Nilipata ukuta wa kijani. Hakuna hata mlima mmoja uliokuwa nyuma ya mwenzake. Nilikuwa nimeiacha hewa. Kati ya jicho na mgongo wa mwisho kuna kilomita nyingi za hewa yenye unyevu, vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, na hewa hiyo ina rangi. Hatua zote zinazofuata ni namna ya kuipaka.

Hewa inafanya nini hasa

Mwanga wa jua unapopita hewani, chembe ndogo za hewa huutawanya, na mwanga wa buluu hutawanywa zaidi ya mara nne kuliko mwekundu. Mwanafizikia Mwingereza Lord Rayleigh aliueleza utaratibu huo mwaka 1871, lakini wachoraji walikuwa wamekwisha kuliona jambo lenyewe. Leonardo da Vinci, zaidi ya miaka mia tatu kabla yake, aliwaelekeza wachoraji wakizidisha umbali wazidishe na ubuluu.

Watu wengi hukariri sehemu moja tu ya somo hili, kwamba mbali ni buluu. Kuna mengine mawili yenye uzito zaidi. La kwanza, hewa huvamia giza kabla ya kuvamia mwanga. Kivuli cha bonde lililo mbali hupauka mapema sana, kwa sababu hewa iliyoangazwa iliyo mbele yake inaonekana juu ya weusi ule. Kwa hiyo mlima wa mbali hauna giza la kweli popote. La pili, kitu cheupe kilicho mbali hakiwi buluu. Huelekea umanjano kidogo, kwa kuwa mwanga wake umepoteza buluu njiani. Theluji ya Kilimanjaro ikitazamwa kwa mbali ina rangi ya krimu zaidi kuliko weupe wa karatasi. Mawingu yaliyo karibu na upeo nayo ni hivyohivyo.

Hewa haifanani siku zote. Baada ya mvua kubwa ya masika huoshwa, na milima huonekana imesogea. Mtu anaweza kuhesabu miti kwenye mgongo ambao jana ulikuwa kivuli tu. Siku kama hiyo inapendeza kutembea, ila kwa anayejifunza umbali ni ngumu. Anza na siku za kiangazi, asubuhi, hewa ikiwa na utusitusi. Hapo mandhari yenyewe inakupangia migongo.

Hatua ya kwanza: tazama kupitia kitundu

Kabla ya kufungua rangi, chukua kipande cha kadi nyeupe, kitoboe kwa msumari, kinyooshe kwa urefu wa mkono. Tazama mgongo wa mbali kupitia kitundu hicho. Kadi ndiyo karatasi yako tupu, na unachokiona ndani ya kitundu ndiyo rangi utakayoipaka. Hakikisha kadi imepigwa na mwanga uleule utakaopigia karatasi.

Karibu kila mtu hushangaa. Mlima aliokuwa akiuita wa kijani umekuwa kijivu chenye ubuluu, na umepauka kiasi kwamba umeizidi kadi ukolevu kidogo tu. Sasa hamia mgongo wa kati, kisha miti iliyo jirani. Akili yako inajua miti ni ya kijani na inataka kukupa kijani. Kitundu kinaitenga rangi na jina lake.

Baada ya hapo fumba macho nusu. Vitu vidogovidogo vinapotea, yanabaki mabaka makubwa. Yahesabu. Irente mimi huhesabu sita: anga, mgongo wa mbali, mgongo wa kati, mgongo wa karibu, nyika, na mwamba nilioukalia. Ukihesabu zaidi ya saba, unganisha mengine. Picha yenye tabaka sita zilizoachana vizuri ina umbali mrefu kuliko yenye kumi na mbili zinazolingana.

Hatua ya pili: mchoro wa kiganja

Chora mstatili usiozidi kiganja na uugawe kwa penseli katika viwango vitatu tu: karatasi tupu, kijivu, na cheusi. Dakika tano zinatosha. Amua hapa giza kubwa kuliko yote litakaa wapi, kwa sababu hapo ndipo jicho la mtazamaji litaanzia safari.

Amua pia mahali pa upeo wa macho. Upeo daima uko sawa na kimo cha macho yako, hata ukipanda juu ya mwamba. Ukiwa Irente uko juu sana, hivyo nyika yote imetandazwa chini ya mstari huo. Weka upeo kwenye theluthi ya juu ya karatasi ili nyika ipate nafasi ya kwenda. Ukishuka Mombo ukaitazama milima kutoka chini, shusha upeo karibu na ukingo wa chini, milima ikuinamie. Guo Xi, mchoraji wa China wa karne ya 11, alitofautisha umbali wa aina tatu: wa kutazama juu kutoka chini ya mlima, wa kupenya kutoka mbele ya mlima hadi nyuma yake, na wa kutazama sawa kutoka mlima wa karibu hadi wa mbali. Chagua mmoja. Picha inayotaka yote matatu kwa mkupuo huvutana yenyewe.

Hatua ya tatu: vifaa

Usinunue vingi. Karatasi ndiyo isiyofaa kubania pesa. Tafuta ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza. Manila ya dukani hujikunja na kunywa rangi kabla hujailainisha, na mtu hujilaumu bure kwa kosa la karatasi. Ikiwa bajeti ni ndogo, kata karatasi nzuri vipande vidogo na ufanyie manila mazoezi ya penseli.

Rangi nne zinatosha kwa mandhari hii yote: ultramarini (buluu), oka ya manjano (manjano ya udongo), siena ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu), na nyekundu moja yenye ubaridi, yaani inayoelekea zambarau. Soma namba ya chembe za rangi ubavuni mwa tyubu, si jina la mauzo. PB29 ni ultramarini, na oka ya manjano huwa PY42 au PY43. Siena hutengenezwa kwa PBr7 au PR101. Buluu ya ftalo, PB15, ina nguvu na inang'aa, lakini hung'ang'ania karatasi, kwa hiyo siipendekezi kwa anayejifunza milima ya mbali, ambako utahitaji kufuta.

Ongeza brashi pana bapa, brashi ya duara namba 10 na nyingine namba 4, makopo mawili ya maji, tishu, na ubao. Bandika karatasi kwa tepu pande zote nne. Inua kichwa cha ubao kwa kitabu kimoja ili maji yawe na mwelekeo.

Hatua ya nne: penseli nyepesi, kazi ya umbo

Rangi haifanyi kila kitu. Umbo hutoa umbali hata kwenye picha ya mkaa, na kazi hiyo hufanyika hapa.

Dalili kubwa kuliko zote ni kufunikana. Mgongo unaokata mwingine uko mbele, basi, na hakuna rangi inayoweza kubatilisha hilo. Kwa hiyo usipange vilele bega kwa bega kama watoto wa shule mstarini. Acha mmoja uteremke na kupotea nyuma ya mwingine. Mistari ya migongo nayo isikimbie sambamba. Ikiwa wa karibu unashuka kulia, wa nyuma na ushuke kushoto, halafu bonde kati yao litajichora lenyewe.

Kisha ukubwa. Safu za mkonge kule chini hukaribiana kadiri zinavyokwenda mbali, na barabara hukonda na kukunja kona kwa vipindi vifupi zaidi na zaidi. Mtu akiwa juu ya nyika tambarare, kitu kinachokaribia upeo ndicho kilicho mbali. Mawingu yamegeuzwa: makubwa juu kabisa, madogo na bapa karibu na upeo. Wengi huchora mawingu ya ukubwa mmoja na kuligeuza anga pazia. Anga nalo ni uwanja unaokwenda mbali, uko tu juu ya kichwa.

Bonyeza penseli kidogo sana kwenye migongo ya mbali. Mstari mweusi wa penseli chini ya rangi nyepesi utausogeza mlima wote mbele.

Hatua ya tano: tui la kwanza, la pili na la tatu

Kwenye rangi za maji weupe ni wa karatasi, na ukolevu unapimwa kwa maji. Mimi hupima kwa nazi. Kwa mgongo wa mbali changanya rangi nyepesi kama tui la tatu, lile linalokaribia kuwa maji. Mgongo wa kati ni tui la pili. Mwamba wa mbele ni tui la kwanza, zito, linaloshika brashi.

Kwenye kipande cha karatasi ileile, paka mchanganyiko mmoja wa ultramarini na siena kwa uzito huo wa aina tatu, uache ukauke kabisa. Rangi za maji hupauka zikikauka. Ikiwa mbichi inaonekana sawa, kavu itakuwa hafifu. Kwa hiyo mgongo wa mbele uchanganye ukiwa umezidi kidogo, na uuamini uzoefu wa kipande cha majaribio kuliko jicho lako wakati huo.

Andaa michanganyiko yote mitatu kabla ya kuanza, kila mmoja mwingi. Kuishiwa rangi katikati ya mlima kunaacha alama ambayo haifutiki.

Hatua ya sita: anga

Lowesha anga lote kwa maji safi kwa brashi pana, hadi nyuma ya vilele na chini kidogo ya mstari wao. Karatasi ing'ae bila kuwa na vidimbwi. Paka ultramarini juu kabisa na uiache ipungue ikishuka, halafu karibu na upeo weka oka nyepesi kabisa, ya tui la tatu lililoongezwa maji. Usiziache zikutane kwa nguvu katikati, zitazaa kijani. Ukimaliza usirudi. Anga linaloguswa mara ya pili likiwa nusu kavu huota maua, yaani maji mapya yanaisukuma rangi na kuacha kingo zenye meno.

Subiri. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja. Ikiwa ya baridi, ndani bado kuna maji. Lushoto mwezi wa Julai kusubiri huku kunaweza kuchukua muda mrefu, na Dodoma mchana anga hukauka kabla hujamaliza kulipaka. Pwani unyevu wa hewa huchelewesha kila kitu. Panga kazi yako kwa hali ya hewa ya mahali ulipo.

Hatua ya saba: migongo, mmoja baada ya mwingine

Hapa ndipo moyo wa picha ulipo, kwa hiyo usiwe na haraka.

Anza na wa mbali kabisa. Mchanganyiko: ultramarini nyingi, chembe ya nyekundu, na siena ya kuuzima tu. Buluu tupu kutoka kwenye tyubu hung'aa, na kitu kinachong'aa husogea mbele. Mlima wa mbali unataka rangi iliyotulizwa. Paka ukingo wa juu kwa mkupuo mmoja, ukifuata penseli. Kabla haujakauka, suuza brashi, ikamue, kisha pitisha maji safi kwenye ukingo wa chini ili rangi ifie ndani ya karatasi tupu. Usiweke kitu ndani yake: hakuna mti, hakuna kivuli, hakuna nyumba.

Ukingo wa chini unaofifia ndio siri ya kazi yote. Ukungu hulala mabondeni, na hewa ya chini huwa nzito kuliko ya juu, kwa hiyo kila mgongo umekolea kileleni na kupauka miguuni. Ukija kuupaka mgongo unaofuata, kilele chake kilichokolea kitasimama mbele ya miguu iliyopauka ya mwenzake. Giza dhidi ya mwanga, giza dhidi ya mwanga, tabaka baada ya tabaka. Hata ukitumia rangi moja tu kwa picha nzima, mpangilio huu peke yake utakupa kilomita.

Acha ukauke kabisa. Ukipaka wa pili juu ya wa kwanza uliolowa, vitaungana na kuwa mlima mmoja. Ikiwa una draya ya nywele, itumie kwa mbali.

Mgongo wa kati upate tui la pili na uongeze oka. Hapo ndipo kijani kinaanza kuonekana, kijani kilichochanganywa kwa ultramarini na oka, kimya, kisichofanana na kile cha tyubu. Ruhusu kivuli kimoja au viwili vya bonde, na kingo zake ziwe laini: paka kivuli wakati mgongo bado una unyevu, usambae wenyewe. Mashamba ya mahindi na migomba yaonyeshe kwa mabaka mawili matatu yaliyochangamka, si kwa majani.

Mgongo wa karibu uchukue oka zaidi na siena. Hapa miti inaanza kuwa miti. Mikaratusi mirefu kileleni ipe maumbo tofauti na urefu tofauti, na uache matundu ya mwanga kati yake. Ukingo uwe mkali. Jicho husoma ukingo mkali kuwa karibu na ukingo laini kuwa mbali, hata ukolevu ukilingana. Kwa hiyo ukali uutumie kama chumvi: kidogo, na mahali pake.

Hatua ya nane: nyika

Nyika hupakwa kwa mistari mipana ya mlalo. Mbali iwe oka nyepesi yenye kijivu-buluu, karibu oka na siena. Upana wa mistari upungue kadiri unavyoukaribia upeo, mpaka ile ya mwisho iwe myembamba kama unywele. Brashi ibaki bapa, mkono uende kulia na kushoto tu. Mstari wowote wa kusimama utaivunja nyika. Shamba la mkonge la karibu lipe safu zinazokutana kwa mbali, lile la pili lipe kivuli cha safu tu, la tatu lisiwe na kitu.

Hatua ya tisa: mwamba wa mbele

Mwamba uliosimamia ndio kipimo cha picha nzima. Bila kitu cha karibu chenye giza na joto, migongo ya nyuma haina pa kulinganishwa nayo. Tui la kwanza: siena na ultramarini, siena ikizidi upande wa jua, buluu ikizidi kivulini. Brashi iwe na rangi nzito na maji kidogo, uiburute ikiwa imelala ubavu, na vishimo vya karatasi vitabaki vyeupe na kuwa ukavu wa jiwe. Weka nyasi chache kwa brashi namba 4. Giza lako kubwa ulilolichagua kwenye mchoro wa kiganja liweke sasa, mahali pamoja tu.

Usijaze mbele yote kwa mambo madogomadogo. Nimeziharibu picha kadhaa hapa, kwa furaha ya kuwa brashi hatimaye inaruhusiwa kuchora majani. Nusu ya mwamba iache tulivu.

Kurekebisha

Mlima wa mbali ukiwa umekolea mno, usiguse ukiwa nusu mbichi. Ukikauka, ulowanishe kwa brashi safi, subiri kidogo, kandamiza tishu. Ultramarini hutoka kwa kiasi kizuri. Ukiwa wa kijani mno, pitisha juu yake tabaka jepesi la ultramarini na nyekundu, mkupuo mmoja, mkono mwepesi. Rangi ikigeuka matope, karibu kila mara umechanganya zaidi ya tatu au umesugua tabaka la chini likaamka. Hapo hakuna dawa ila kuacha likauke na kulipa giza zaidi liwe la mbele.

Jua linapozama

Saa kumi na mbili jioni siku za vumbi, nyika ya mbali huwa ya rangi ya chungwa na mlima wa karibu huwa wa zambarau iliyo baridi. Kanuni ya buluu imegeuka, lakini ile ya ukolevu imebaki palepale: mbali kumepauka na kingo zimelegea, karibu kuna giza na ukali. Ndiyo maana nasisitiza ukolevu kwanza, kingo pili, aina ya rangi mwisho.

Jaribu hili wiki hii. Ipige picha kazi yako kwa simu na uigeuze kuwa nyeusi na nyeupe. Ikiwa migongo bado imeachana, umbali upo, na rangi unaweza kuibadilisha upendavyo. Ikiwa imeungana, bandika karatasi mpya na uipake mandhari ileile kwa ultramarini na siena peke yake, ukianza tena na ule mgongo wa mwisho unaofanana na wingu.